Tarehe 7, Tarehe 15 na Mwisho wa Mwezi: Somo kwa Mwenye Kuajiri

Mtu anayeajiri mtu mwingine, hata mmoja tu, anakuwa mwajiri kwa mujibu wa sheria. Haijalishi kama ana kiwanda, duka la vipuri, saluni yenye viti vitatu au nyumba yenye msaidizi wa kazi. Siku anapolipa mshahara wa kwanza, tarehe kadhaa huanza kumhesabia, na tarehe hizo hurudi kila mwezi bila kuuliza kama biashara imekwenda vizuri au vibaya. Katika maswali tunayoyapokea kuhusu makato ya mishahara, machache huhusu kiasi cha kulipa. Mengi huhusu siku: ni lini hasa, kwa nani, na nini hutokea siku ikipita.

Somo hili linaeleza tarehe hizo kwa waajiri wa sekta binafsi wa Tanzania Bara, kwa viwango vilivyotumika mwaka 2024. Zanzibar ina Mfuko wake wa Hifadhi ya Jamii, yaani ZSSF, na baadhi ya taratibu zake ni tofauti. Mwajiri aliyeko Unguja au Pemba asichukue kila tunachokisema hapa kuwa kinamhusu.

Fedha zilizo mkononi mwako ambazo si zako

Kabla ya tarehe, ni lazima mwajiri aelewe aina ya fedha anazozishika. Mfanyakazi anapokubali mshahara wa shilingi 600,000, kiasi chote hicho ni chake. Sheria inamwagiza mwajiri atoe sehemu yake kabla ya kumkabidhi, aitunze kwa siku chache, kisha aifikishe panapohusika. Kwa hiyo mwajiri anapokata kodi ya ajira, ambayo wengi wanaijua kwa herufi PAYE, anakuwa mpelekaji tu. Hali ni hiyo hiyo kwa sehemu ya mfanyakazi katika mchango wa NSSF na kwa marejesho ya mkopo wa elimu ya juu.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo chanzo cha ucheleweshaji mwingi. Mwenye biashara ndogo huona fedha za makato zimebaki katika akaunti baada ya kulipa mishahara, huona unga umepanda bei au kodi ya pango imefika, naye hujiambia kuwa atazirudisha wiki ijayo. Mauzo ya wiki ijayo yakilegea, hana tena cha kupeleka. Hapo anadaiwa fedha ambazo mfanyakazi wake anaamini zimekwishalipwa, kwa kuwa ziliandikwa katika hati yake ya mshahara kuwa zimekatwa.

Zipo pia fedha zinazotoka mfukoni mwa mwajiri mwenyewe. Nazo ni sehemu yake ya mchango wa NSSF, mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, na kwa waajiri wakubwa kidogo, Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ambayo hufupishwa SDL. Hizi haziruhusiwi kukatwa katika mshahara wa mfanyakazi. Mwajiri anayeandika katika hati ya mshahara kuwa amemkata mtu mchango wa WCF ametenda kosa, hata kama kiasi chenyewe ni shilingi 1,500.

Hesabu ya mwezi mmoja

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la kuoka mikate mjini Morogoro. Ana wafanyakazi wanne: mwokaji mkuu anayelipwa 600,000, wasaidizi wawili wanaolipwa 300,000 kila mmoja, na muuzaji wa dukani anayelipwa 250,000. Jumla ya mishahara yake ghafi ni shilingi 1,450,000 kwa mwezi.

Hesabu huanzia NSSF. Mchango kamili ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi isiyozidi nusu yake. Mama huyu hukata asilimia 10 na kuongeza asilimia 10 yake. Kwa wafanyakazi wote wanne anakata 145,000 na kuongeza 145,000, jumla 290,000.

Kodi ya ajira huhesabiwa baada ya mchango wa mfanyakazi kuondolewa, na mpangilio huu una maana yake. Kiwango cha shilingi 270,000 kwa mwezi hakitozwi kodi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kinachozidi 520,000 hadi 760,000 hutozwa asilimia 20. Kinachozidi 760,000 hadi 1,000,000 hutozwa asilimia 25. Na kinachozidi milioni moja hutozwa asilimia 30. Msaidizi mwenye mshahara wa 300,000 akishaondolewa 30,000 za NSSF hubakiwa na 270,000 kamili, basi hana kodi. Mwajiri anayekosea mpangilio na kutoza kodi kwanza atamkata shilingi 2,400 zisizostahili kila mwezi. Muuzaji wa dukani naye hana kodi. Mwokaji mkuu hubakiwa na 540,000: kodi ya 250,000 za ngazi ya kwanza ni 20,000, na ya 20,000 zilizozidi ni 4,000, jumla 24,000.

WCF huchukua asilimia 0.5 ya mishahara yote, yaani shilingi 7,250. Tozo ya ufundi stadi haimhusu mama huyu kwa sasa, kwa sababu tutakazozieleza.

Hivyo basi, siku ya mshahara wafanyakazi wanapokea mikononi jumla ya 1,281,000. Gharama yote ya mama kwa mwezi ni 1,602,250. Tofauti, ambayo ni 321,250, inabaki kwake kwa muda ikisubiri safari mbili: 24,000 zinakwenda Mamlaka ya Mapato, na 297,250 zinakwenda katika mifuko miwili. Tunamshauri kila mwajiri aijue namba yake ya tatu, ile inayolingana na hii 321,250, kama anavyoijua bei ya mfuko wa unga.

Neno moja la pembeni. Wapo wanaokubaliana mshahara kwa kutaja kile tu kitakachofika mkononi: “nitakupa laki tatu mkononi”. Makubaliano ya namna hiyo hayaondoi makato. Maana yake ni kwamba mwajiri amejitwisha kuhesabu kurudi nyuma hadi apate mshahara ghafi unaoacha laki tatu baada ya makato yote, na gharama yake itakuwa kubwa kuliko alivyodhani alipokuwa akiongea. Ni bora mkataba utaje mshahara ghafi.

Tarehe zenyewe

Kodi ya ajira iliyokatwa katika mwezi hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi huo kumalizika. Kodi ya mishahara iliyolipwa Mei hulipwa kabla tarehe 7 Juni haijapita. Tozo ya ufundi stadi, kwa anayepaswa kuilipa, hufuata siku hiyo hiyo na hukusanywa na Mamlaka hiyo hiyo.

Marejesho ya mkopo wa elimu ya juu hupelekwa Bodi ya Mikopo ndani ya siku 15 baada ya mwezi kumalizika. Mama wa Morogoro aseme mwokaji wake mkuu alisomea sayansi ya chakula katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kwa mkopo wa Bodi. Hapo makato yake huongezeka kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 90,000, na mwokaji hupokea 426,000 badala ya 516,000. Mama naye amepata tarehe ya tatu katika mwezi wake. Mwajiri anatakiwa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 tangu amwajiri mhitimu wa elimu ya juu. Hangoji Bodi imtafute, wala hamwachii mfanyakazi aamue kama atajitaja. Tunafahamu kuwa waajiri wengi wadogo huona aibu kumuuliza mtu kuhusu deni lake. Swali hilo liwekwe katika fomu ya kuajiri, na aibu itakwisha.

Michango ya NSSF na ya WCF hulipwa ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi unaohusika kumalizika. Michango ya Mei ina nafasi hadi mwisho wa Juni. Nafasi hii ndefu ndiyo inayowaponza wengi: fedha iliyokaa akaunti kwa siku 30 hupata matumizi mengine. Ikumbukwe pia kuwa Februari haiongezewi siku. Michango ya Januari ilikuwa na siku 29 tu mwaka 2024, na mwaka uliofuata ilikuwa na siku 28.

Mshahara nao una siku yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe siku iliyokubaliwa na ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya malipo na makato yake. Tunapendekeza siku hiyo iwe ndani ya mwezi wa kazi, mathalani tarehe 25. Kodi huzuiliwa pale malipo yanapofanyika. Mwajiri anayelipa mshahara wa Mei tarehe 3 Juni huvuruga hesabu yake mwenyewe, kwani mwezi wa kazi na mwezi wa kodi huachana, na kumbukumbu za TRA na za NSSF hazisomeki tena kwa pamoja.

Sabasaba na Siku ya Karume

Kuna jambo ambalo kalenda yenyewe inalionyesha lakini wachache wameligundua. Kati ya tarehe 7 kumi na mbili za mwaka, mbili ni sikukuu za kitaifa kila mwaka: tarehe 7 Aprili, Siku ya Kumbukumbu ya Karume, na tarehe 7 Julai, Sabasaba. Mwaka 2024 zote mbili ziliangukia Jumapili. Aidha, mwaka huo tarehe 7 Januari ilikuwa Jumapili, na tarehe 7 Septemba na 7 Desemba zilikuwa Jumamosi. Miezi mitano kati ya kumi na miwili, basi, siku ya mwisho ilikuja wakati benki nyingi zimefungwa na mhasibu yuko kwao.

Msimamo wetu ni kwamba mwajiri asijenge mpango wake juu ya tumaini la kuongezewa siku. Tarehe ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, aichukue siku ya kazi iliyotangulia kuwa ndiyo ya mwisho. Kwa mishahara ya Juni 2024, siku hiyo ilikuwa Ijumaa ya tarehe 5 Julai. Ni kweli kuwa malipo ya Serikali siku hizi hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia simu ya mkononi au benki kwa mtandao, wakati wowote. Lakini namba hiyo hutolewa na mfumo baada ya kuwasilisha taarifa za wafanyakazi, na taarifa ikiwa na kosa, tuseme namba ya utambulisho wa mlipakodi ya mtu mmoja haisomeki, utahitaji ofisi iliyo wazi ili kulirekebisha. Usiku wa Sabasaba hutaipata.

Kuwasilisha na kulipa ni wajibu mbili, na kila mmoja una alama yake katika mfumo. Wapo wanaowasilisha taarifa, wakapata namba ya malipo, wakaridhika na kulala. Namba isiyolipiwa si risiti. Wapo pia waliolipa kwa wakati lakini kwa mwezi usio sahihi: walichagua Machi badala ya Aprili, na sasa Machi ina ziada na Aprili ina deni linalozaa riba. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, soma mwezi ulioandikwa.

Mfanyakazi wa kumi

Biashara inapokua, kuna hatua moja ambayo huja kwa kishindo. Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi hulipwa na mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Hadi mwaka 2021 kiwango hicho kilikuwa wafanyakazi wanne, kikapandishwa ili kuwapa nafuu wadogo. Tozo yenyewe ilipunguzwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3.5 kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023.

Wengi hudhani kuwa tozo itatozwa juu ya mshahara wa yule wa kumi peke yake. Sivyo. Hutozwa juu ya malipo ya wafanyakazi wote. Mama wa Morogoro akifungua tawi la pili na kufikisha watu kumi wenye mishahara ya jumla ya shilingi 3,200,000, atalipa tozo ya 112,000 kila mwezi, nayo itakuwa katika tarehe 7 pamoja na kodi. Anayefikiria kumwajiri mtu wa kumi aiweke fedha hiyo katika hesabu yake mapema, maana gharama ya mtu huyo ni mshahara wake, mchango wake, na tozo ya wenzake tisa. Hatusemi haya ili kumzuia mtu kuajiri. Tunasema kwa sababu tozo iliyogunduliwa baada ya miezi minane ni nzito kuliko ile iliyotarajiwa, na kwa sababu njia ya mkato ambayo baadhi huijaribu, ya kumwita mfanyakazi wa kila siku “kibarua” ili asihesabiwe, haibadilishi uhusiano wa kazi uliopo.

Namna ya kuzishika tarehe

Hatuamini kuwa tatizo la tarehe hutibiwa kwa kumbukumbu nzuri ya kichwa. Njia tunayoipendelea ni moja, na haihitaji programu wala mhasibu: siku ya mshahara iwe ndiyo siku ya makato yote. Mwajiri akae tarehe 25, aandae orodha ya mishahara, alipe wafanyakazi, na palepale awasilishe na kulipa kodi, mkopo, NSSF na WCF. Sheria imempa hadi tarehe 7, 15 na mwisho wa mwezi ujao. Hakuna inayomkataza kulipa kabla. Akifanya hivyo, tarehe zote tatu zinabaki kuwa akiba ya kurekebishia makosa.

Kwa biashara ambazo fedha huingia kwa mawimbi, njia hiyo ni ngumu, tunalielewa hilo. Mwenye nyumba ya wageni kule Bagamoyo anaweza kuwa na fedha nyingi Desemba na chache Aprili mvua zikinyesha. Huyu tunamshauri afungue akaunti ya pili, au hata laini ya simu ya pili ya kuhifadhia fedha, na siku ya mshahara ahamishie huko makato yote na sehemu zake. Akaunti hiyo isiwe na kadi ya kutolea fedha. Kisha kalenda ya ukutani, ile inayotundikwa nyuma ya kaunta ambako kila mtu anaiona, ichorwe duara katika tarehe za mwaka mzima Januari, huku zile zinazoangukia wikiendi na sikukuu zikirudishwa nyuma kwa kalamu nyekundu. Simu inaweza kutoa mlio wa kukumbusha, lakini mlio huzimwa kwa kidole kimoja. Duara jekundu linabaki.

Mwenye mhasibu wa nje ana hatari yake ya peke yake. Mhasibu akichelewa au akitoweka, sheria humtafuta mwajiri. Kwa hiyo nywila za mifumo ziwe mkononi mwa mwenye biashara, na kila mwezi aombe vitu viwili: risiti ya malipo, na uthibitisho kuwa taarifa imepokelewa. Akiambiwa “tayari, bosi”, aombe tena.

Julai iwe mwezi wa kukagua viwango. Sheria ya Fedha ya kila mwaka huanza kutumika tarehe 1 Julai, na ndiyo hubadilisha ngazi za kodi, tozo na masharti. Anayetumia jedwali la mwaka juzi anaweza kulipa kwa wakati kila mwezi na bado akawa na deni.

Siku ikishapita

Kodi isiyolipwa kwa wakati hutozwa riba chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Kipengele ambacho watu hawakitambui ni kwamba riba huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Anayelipa tarehe 8 hahesabiwi siku moja, huhesabiwa mwezi. Kutowasilisha taarifa kuna adhabu yake tofauti, inayoendelea kuongezeka kila mwezi, na mifuko ya hifadhi ya jamii nayo ina adhabu zake kwa michango iliyochelewa. Gharama zote hizi ni za mwajiri. Hawezi kuzikata katika mishahara kwa hoja kwamba kodi ilikuwa ya wafanyakazi. Vilevile, mwajiri aliyesahau kukata kodi anabaki na wajibu wa kuilipa kana kwamba aliikata.

Aliyechelewa asingoje mwezi uishe. Awasilishe taarifa hata kama hana fedha zote, kwa kuwa adhabu ya kutowasilisha inaweza kuepukwa bila shilingi moja. Alipe alichonacho, akianza na makato ya wafanyakazi kabla ya sehemu zake. Na akiona mapema kuwa hataweza, aandike barua kabla ya tarehe kufika: sheria hiyo hiyo inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kuongeza muda wa kulipa kwa mlipakodi aliyeomba kwa maandishi na kutoa sababu za msingi. Barua iliyoandikwa baada ya ofisa kugonga hodi husomwa kwa jicho jingine.

Kwa upande wa anayelipwa

Msomaji wetu anaweza kuwa mfanyakazi, naye ana jambo la kufanya. Pensheni ya NSSF hutegemea michango isiyopungua miezi 180, sawa na miaka 15. Mwezi usiopelekwa ni mwezi unaokosekana katika hesabu hiyo, na mara nyingi mtu hugundua pengo akiwa na miaka 58, wakati kampuni iliyomwajiri ujanani imefungwa na mwenye nayo amekufa. Mama mjamzito anayekwenda kudai fao la uzazi hugundua mapema zaidi, lakini wakati mbaya.

Kwa hiyo aangalie taarifa yake ya michango angalau mara mbili kwa mwaka, kupitia mfumo wa Mfuko kwa njia ya simu au mtandao, au katika ofisi ya karibu, akiwa na namba yake ya uanachama. Ailinganishe na hati zake za mishahara, mwezi kwa mwezi. Akumbuke kuwa mwajiri ana hadi mwisho wa mwezi unaofuata, hivyo mchango wa Mei usipoonekana katikati ya Juni si kosa bado. Usipoonekana Agosti, amuulize mwajiri wake kwa heshima, kisha kwa maandishi, na asiporidhika apeleke nakala za hati hizo kwenye Mfuko. Msaidizi wa nyumbani ana haki hiyo hiyo. Mshahara wake unaweza kuwa chini ya 270,000 na hivyo usiwe na kodi, lakini hilo haliondoi mchango wake wa NSSF wala kinga ya WCF akiungua jikoni au akianguka ngazini.

Mtu anapoondoka kazini

Mfanyakazi akiacha kazi katikati ya mwezi, malipo yake ya mwisho, pamoja na malipo ya likizo ambayo hakuichukua, huingia katika orodha ya mishahara ya mwezi yanapolipwa, na makato yake hufuata tarehe zile zile. Jina lake liondolewe katika taarifa za mwezi unaofuata, vinginevyo mfumo utaendelea kumhesabu na mwajiri atadaiwa mchango wa mtu asiyekuwepo. Mwajiri ambaye amebaki bila mfanyakazi hata mmoja azijulishe TRA, NSSF na WCF kwa maandishi. Ukimya husomeka kama kutowasilisha.

Kumbukumbu zote, zikiwemo orodha za mishahara, hati za mishahara, risiti na uthibitisho wa kuwasilisha, zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5. Risiti zinazochapishwa kwa karatasi za mashine hufifia kwa joto la miezi michache, hasa zikikaa katika droo ya duka lenye tanuri. Zipigwe picha au zinakiliwe siku ile ile zinapotoka, na kila nakala iandikwe mwezi inaohusu.